Tupeni Oda ya Kushona: Barua ya Wazi kwa Wabunge wa Mikoa ya Pamba

Waheshimiwa wabunge wa Mwanza, Shinyanga, Simiyu, Geita na Mara, wa majimbo na wa viti maalum,



Mimi ni mwalimu wa ushonaji hapa Mwanza. Ninaowafundisha ni wanawake watupu: mabinti waliomaliza kidato cha nne wakakosa pa kuendelea, kina mama walioachiwa watoto, na wengine waliorudi kutoka kazi za ndani Dar es Salaam au Muscat wakiwa na akiba kidogo na hamu ya kukaa kwao. Nawaandikia hadharani kwa sababu ombi hili tumelitoa kwa mdomo mikutanoni, tena na tena, na jibu tunalopata ni lile lile: vyerehani. Tunavipokea kwa shukrani, na wapo ambao vimewasaidia. Leo naomba nieleze kwa nini havijatutoa tulipo, na nini kingetutoa.

1. Cherehani hakiji na mteja.

Ingieni kwenye nyumba ya binti aliyepewa cherehani miaka michache iliyopita. Mara nyingi mtakikuta kimeegeshwa ukutani, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, redio imewekwa juu yake, mkanda umekauka na kukatika, na bobini zimechezewa na watoto hadi zimepotea. Binti huyo hakuwa mvivu. Alikaa kibarazani akasubiri kazi, na kazi iliyokuja ilikuwa kubana suruali ya mtumba, kubadili zipu, kupandisha pindo. Desemba na nusu ya kwanza ya Januari alishona sare hadi usiku wa manane. Kabla ya Idi na Krismasi alipata vitenge viwili vitatu, na harusi ilipotokea mtaani akashona magauni ya kamati. Miezi iliyobaki alikula mtaji.

Mtaani kwake wapo mafundi wengine wenye ujuzi uleule, wanaogombania wateja walewale. Sisi walimu tukihitimisha darasa jingine, na nyinyi mkaleta vyerehani vingine, tunaongeza mafundi bila kuongeza kazi. Bei ya kushona inashuka, na wa kwanza kufunga kibanda ni yule aliyekopa. Huu ndio msingi wa barua yangu yote: tumekuwa tukifundisha kwanza na kutafuta soko baadaye. Naomba tugeuze. Oda ianze, mafunzo yafuate oda.

2. Pamba inapita mlangoni kwetu ikienda zake.

Mikoa yenu ndiyo inayolima sehemu kubwa mno ya pamba ya nchi hii. Mnavifahamu vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), mnayafahamu malori ya pamba mbegu kuelekea viwanda vya kuchambua, na kila msimu mnasimama bungeni kupigania bei ya mkulima. Hilo mnalifanya vizuri. Lakini pamba ikishachambuliwa na nyuzi zake kufungwa marobota, sehemu kubwa husafirishwa nje ya nchi ikiwa ghafi. Sisi wa Mwanza tunapanda basi kwenda Kariakoo kununua majora ya kitambaa kilichofumwa Asia, tunayabeba kurudi nayo kwenye nchi ya pamba, ndipo tunakata shati.

Haikuwa hivi siku zote. Kiwanda cha nguo cha Mwatex kilianza hapa Mwanza miaka ya 1960. Musoma walikuwa na Mutex. Mwaka 1973 serikali iliunda shirika la TEXCO kusimamia viwanda vya nguo vya umma, na wazee wetu wengi walijenga nyumba kwa mishahara ya viwanda hivyo. Siandiki haya kuililia zamani. Viwanda vile vilizidiwa na mambo yanayojulikana: mashine zilichakaa, fedha za kigeni za kununulia vipuri zikakosekana, umeme ukawa wa kubahatisha, na milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 nguo za nje zikaingia kabla havijajipanga. Ubinafsishaji ulikuja ukivikuta vingine vimekwishalala.

Kinachoniuma ni tunavyoshughulikia ufufuaji. Mwaka 2016 tulipata mkakati wa taifa wa pamba hadi mavazi, wa kufikia 2020. Bajeti ya 2023/24 ikaweka VAT ya asilimia sifuri kwa nguo zinazotengenezwa nchini kwa pamba ya nchini. Ni hatua njema kabisa, ila iliwekwa kwa mwaka mmoja, kisha ikaongezwa mwaka mwingine. Waheshimiwa, mwenye mtaji wa kununua mitambo ya kusokota na kufuma anahesabu miaka kumi na kuendelea. Benki haiwezi kumkopesha kwa nafuu inayomalizika kabla mashine hazijashushwa bandarini. Nawaomba msimame pamoja, wa vyama vyote, mdai nafuu hiyo iandikwe kwa miaka 10. Mkifanya hilo peke yake mtakuwa mmeisaidia pamba kuliko hotuba nyingi za bei.

3. Tunafundisha gauni, kiwanda kinahitaji mshono.

Hapa nitawachosha kidogo, lakini ndipo penye kazi yangu.

Vituo vingi vya mafunzo vinamfundisha mwanamke kumpima mteja mmoja kwa futikamba, kumchorea patani yake, kumkatia na kumshonea gauni zima mwanzo hadi mwisho. Ni ufundi wa heshima. Lakini kiwandani hakuna anayeshona gauni zima. Kitambaa hutandazwa mezani tabaka juu ya tabaka, hukatwa kwa mashine kwa mkupuo, vipande hufungwa mafungu kwa saizi, na kila mshonaji hupewa mshono wake. Mmoja anaunga mabega siku nzima, mwingine anatia mikono, mwingine kola, mwingine mfuko wa kifuani. Mwisho wa mstari yuko anayekagua, mwenye mkasi mdogo wa kukatia nyuzi na jicho lisilosamehe.

Chukueni shati jeupe la mtoto wa darasa la kwanza. Lina vipande viwili vya mbele, mgongo, mikono miwili, mfuko na kola ya tabaka mbili, na kila kipande kina upana wake wa mshono. Fundi akiacha upana mkubwa kushoto na mdogo kulia, kola haikai katikati. Akiweka mishono michache mno kwa kila inchi ili amalize haraka, shati linafumuka kwapani wiki ya kwanza mtoto anapocheza mpira. Asipopitisha ovaloku ndani, kitambaa kinachomoka nyuzi kila kinapofuliwa. Kwa nguo ya mteja mmoja makosa haya hurekebishwa kwa kuomba radhi. Kwa mashati 5,000 ni mzigo wote kurudishwa.

Kwa hiyo binti mwenye cheti akienda kuomba kazi kwenye kiwanda cha mavazi Dar es Salaam au Morogoro, anafika hajawahi kukalia mashine ya umeme yenye kasi, hajui kufanya kazi kwa lengo la saa, na hajui kusoma kadi ya oda. Anaanza upya, wakati mwingine kwa ujira wa mwanafunzi. Dawa yake si ngumu, na serikali imewahi kuionja: kwenye programu ya kukuza ujuzi, vijana walipelekwa kujifunza ndani ya kiwanda cha Tooku Garments, Mabibo, kwenye mashine zilezile za uzalishaji. Waajiri wanalipa Tozo ya Kuendeleza Ujuzi, asilimia 3.5 ya mishahara tangu Julai 2023. Naomba sehemu ya fedha hiyo ilipie uanagenzi wa aina hii huku kwetu, na iguse mambo manne ambayo karibu hayafundishwi: kukata kwa tabaka, kupandisha na kushusha saizi za patani, ukaguzi wa ubora, na kupiga hesabu ya gharama ya nguo moja. Hili la mwisho ndilo linalowaua wengi. Fundi anahesabu kitambaa na uzi, anasahau umeme, vifungo, kodi ya chumba na muda wake mwenyewe, halafu anashangaa mbona anafanya kazi sana na hana kitu.

4. Soko mnalo mkononi, ni sare za shule.

Shule zetu za msingi zina watoto zaidi ya milioni 10. Tangu 2016 ada imeondolewa shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne, lakini sare bado ni ya mzazi, na karibu kila mtoto huvaa shati jeupe na sketi au kaptula ya bluu. Ni vigumu kupata vazi jingine nchini lenye mahitaji makubwa na yanayotabirika namna hii. Uandikishaji wa darasa la kwanza huanza miezi ya mwisho ya mwaka. Kwa maana hiyo, kabla Januari haijafika, halmashauri inajua ni watoto wangapi watahitaji sare, na wako kata gani. Hakuna mfanyabiashara wa mitindo mwenye bahati ya kujua wateja wake mapema hivyo. Taarifa hiyo inakaa kwenye mafaili.

Naomba nifanye hesabu ya mfano. Halmashauri yenye watoto 10,000 wa darasa la kwanza, kila mtoto mashati mawili na sketi au kaptula mbili, inahitaji nguo 40,000. Tuseme mama mmoja, akiwa kwenye mstari wenye mashine za umeme, anatoa nguo sita kwa siku, na hilo ni kadirio la chini. Vituo viwili vya kina mama 20 kila kimoja vitatoa nguo 240 kwa siku. Kumaliza nguo 40,000 kutachukua zaidi ya miezi sita ya kazi, kwa siku 26 za kazi kila mwezi. Hao ni watoto wa darasa la kwanza tu. Ongezeni wanaopandisha saizi, ongezeni kidato cha kwanza, na wanawake 40 wana kazi mwaka mzima, tena kazi ya kuanza Juni kwa utulivu badala ya kukesha Januari.

Sisemi mzazi alazimishwe kununua kwetu. Mzazi akilazimishwa, tutaanza kumshonea vibaya, na ni haki yake kwenda kokote. Ninachoomba ni hiki: mkoa utoe kiwango kimoja cha sare, yaani aina ya kitambaa, rangi, upana wa mshono na idadi ya mishono kwa inchi, sampuli ya shati lililoshonwa sawasawa iwekwe kila ofisi ya elimu kata, vituo vya ushonaji vinavyofikia kiwango hicho viorodheshwe na kutangazwa shuleni, na mzazi aruhusiwe kulipa kidogo kidogo kuanzia Julai. Mama anayeuza dagaa sokoni Kirumba hawezi kutoa fedha ya sare mbili kwa mkupuo Januari, mwezi wenye madaftari, viatu na michango. Kwa miezi sita anaweza.

Na kitambaa? Mikoa mitano ikikubaliana rangi moja ya bluu na uzito mmoja wa kitambaa, hapo ndipo mtakapokaa mezani na viwanda vya kufuma vilivyobaki nchini mkiwa na kitu cha kuongea. Fundi mmoja akienda kiwandani kuomba majora mawili, anaelekezwa dukani. Mikoa mitano ikienda na oda ya mwaka mzima, kiwanda kinapanga mashine kwa ajili yake. Kitambaa kikiwa na mchanganyiko wa pamba na nyuzi nyingine ili kisijikunje sana, sawa, mradi pamba yake iwe ya Bariadi, Maswa na Kwimba. Watoto wa Shinyanga wanaokaa darasani saa nane mchana wanajua tofauti ya shati la pamba na lile la nailoni.

5. Mitumba si kisingizio.

Kila tukizungumzia nguo za ndani, mjadala unahamia kwenye mitumba na hapo unafia. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa ndani ya miaka mitatu. Wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, tukatishiwa kuondolewa kwenye AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, na nchi moja baada ya nyingine ikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya AGOA kwa upande wa mavazi. Septemba 2025 muda wa AGOA yenyewe ukafika mwisho, na waliokuwa wakishona kwa ajili ya soko hilo wakabaki wakisubiri uamuzi wa Washington.

Maoni yangu ni kwamba kupiga marufuku mitumba leo ni kumwadhibu mama mwingine. Wapo wanawake wengi katika mji huu wanaolisha watoto kwa kufungua belo. Lakini sare ya shule ya Tanzania haitoki kwenye belo la kutoka Ulaya. Mashuka ya hospitali hayatoki huko. Haya ni masoko ambayo hatuhitaji kumpiga mtu vita ili tuyapate, na ndiyo sababu nayasisitiza. Anayetushinda hapo ni sare iliyoletwa tayari kutoka nje na kitambaa kilichopitishwa kwa thamani ya chini kuliko halisi. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi ya asilimia 35 inayogusa nguo na mavazi. Asilimia hiyo ikitozwa kwa thamani ya uongo haitulindi. Nawaomba mlisimamie hilo mipakani na bandarini. Sisi hatuna uwezo wa kufika huko.

6. Mikopo na zabuni vifanane na kazi yetu.

Sheria inataka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024, tukashangilia. Sheria ya ununuzi wa umma nayo inatenga asilimia 30 kwa makundi maalum, wanawake wakiwemo. Kwa maandishi tumebebwa vizuri.

Sasa tazameni kikundi cha wanawake kumi wenye vyerehani na cheti. Zabuni ya mashuka na mapazia ya kituo cha afya inatangazwa kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Wanahitaji namba ya mlipakodi (TIN), leseni, usajili wa kikundi, na mtu wa kuwaendeshea mfumo kwenye kompyuta. Wakivuka hapo, wanakuta zabuni moja ya mzigo mkubwa kuliko uwezo wao. Wakiipata kwa kuungana na wenzao, wanatakiwa wanunue majora kwa fedha yao, washone, wapeleke, halafu wasubiri malipo. Mkopo wa asilimia 10 nao una marejesho yanayoanza kabla malipo ya zabuni hayajatoka. Nimeona kikundi kikiuza vyerehani ili kirejeshe mkopo kiliochukua kununua kitambaa cha kazi ya umma ambayo ilikuwa imekamilika na kupokelewa.

Hapa naomba mambo matatu bila kuzunguka. Zabuni za nguo zigawanywe mafungu madogo. Kikundi kikipewa zabuni, mkopo wa kununulia kitambaa utolewe kwa dhamana ya zabuni hiyohiyo, na marejesho yake yakatwe kwenye malipo. Na malipo ya kikundi cha wanawake yatoke ndani ya siku 30 tangu mzigo kukaguliwa. Nyinyi ni wajumbe wa mabaraza ya madiwani kwenye halmashauri zenu. Mengine yanahitaji sheria ya bunge; kusimamia malipo ya halmashauri mnaweza kwenye kikao kijacho cha baraza.

Waheshimiwa, najua cherehani kina faida moja ambayo oda haina: kinaonekana. Kinapigwa picha kikiwa na jina lililopakwa pembeni. Orodha ya vituo vilivyofikia kiwango, sampuli ya shati kwenye ofisi ya kata, malipo yaliyotoka siku ya 28, hivyo havivutii kamera. Lakini binti wa Magu anayepanga begi lake wiki hii kwenda kufanya kazi za ndani kwa watu asiowafahamu haondoki kwa kukosa cherehani. Anaondoka kwa sababu mama yake anacho, na anaona kinavyokaa bila kazi.

Naomba basi mtuitie kikao kimoja hapa Mwanza kabla ya Bunge la bajeti kuanza Aprili. Aje mwakilishi wa Bodi ya Pamba, waje maofisa elimu na maofisa maendeleo ya jamii wa mikoa mitano, wenye viwanda vya kufuma, wakuu wa vyuo vya ufundi, na kina mama wanaoshona. Sisi tutakuja na mashati yaliyoshonwa kwa kiwango tunachopendekeza, kila moja likiwa na mchanganuo wa gharama zake kuanzia kitambaa hadi kifungo cha mwisho, mlifumue mkitaka. Nyinyi njooni na idadi ya watoto walioandikishwa katika kila halmashauri mwaka huu, na jibu la iwapo mtaidai ile nafuu ya VAT ya miaka 10. Kwa hesabu niliyoieleza, vituo vikianza kukata kitambaa Juni, sare za darasa la kwanza zitakuwa tayari shule zikifunguliwa Januari.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa ushonaji
Nyakato, Mwanza